Mashine ya Mwalimu

Ofisini tulimwita Mwalimu kwa sababu alifundisha darasa la pili miaka ishirini na mbili, kabla shule yake haijafungwa. Akiwa mama wa miaka arobaini na saba, na binti anayesoma bado, akaenda kujifunza kompyuta darasa moja na vijana wa rika la binti yake. Akapata kazi kwetu, miezi mitatu ya kujaribiwa kwanza.

Kazi yetu ni kuipima tovuti ya kuandikisha wanafunzi kabla wazazi hawajaitumia. Hatubonyezi kwa mkono. Tunaandika majaribio, kisha kompyuta yenyewe inafungua tovuti kwenye kivinjari, inajaza fomu, na mwisho inaonyesha kijani kama mambo ni sawa, au nyekundu kama kuna kasoro. Lakini mashine ya kila mtu lazima iandaliwe kwanza. Kuna kivinjari, na kuna kiendeshi, yaani kiprogramu kinachokiongoza hicho kivinjari. Viwili hivyo visipokuwa vya toleo moja, utalia.

Mimi ndiye niliyeambiwa nimwandalie Mwalimu mashine. Kuweka kila kitu upya ni kazi ya nusu siku, na mimi siku hiyo nilitaka kuwahi mpira. Nikanakili folda yangu nzima kwenye flashi, nikaimwaga kwake, nikaendesha jaribio moja, likapita.

"Tayari, Mwalimu. Ukishindwa hapo, ni wewe."

Akacheka. Mimi na mdomo wangu.

Tangu wiki ya kwanza majaribio yake yakawa yanakwama. Yale yale yaliyopita kwangu, kwake nusu nyekundu. Akaja mezani kwangu. "Mwanangu, hebu nitazamie. Nahisi mashine ile ina shida." Nami bila hata kuinuka: "Kwangu inafanya kazi." Kauli hiyo sisi watu wa kompyuta tunaipenda kuliko salamu. Akaja tena, na tena. Nikaanza kumwigiza mbele ya wenzangu, anavyosoma skrini kwa kidole, watu wakavunjika mbavu. Meneja naye akasikia kwamba Mwalimu ni mzito.

Siku mbili kabla ya tathmini yake, nikaenda mezani kwake, na sisemi uongo, nilikwenda kumwonyesha kuwa hajui kazi. Nikasoma maelezo ya kosa, mstari wa kwanza tu. Kiendeshi kilikuwa cha zamani, kile kile nilichomletea kwenye flashi, na kivinjari chake kilikuwa kipya, tofauti na changu. Karibu miezi mitatu mama wa watu analaumiwa kwa uvivu wangu.

Ningesema pale pale, yangeisha. Nikaona haya. Nikangoja aende kula, nikaweka kiendeshi kipya kwa dakika nane, nikarudi kwangu nikajitia hamnazo. Nikajidanganya kwamba nimemsaidia. Aliporudi akaendesha majaribio, kijani tupu. Alikuja kunishika bega.

"Yamekubali, mwanangu. Sijui nimefanya nini, lakini yamekubali."

Siku ya tathmini akamweleza meneja kwamba kilichomchelewesha ni mashine. Meneja akaikalia ile mashine, akaendesha majaribio yote mbele yetu. Kijani.

"Mbona nzima hii?" Akanigeukia. "Wewe ndiye uliyeiandaa. Iliwahi kuwa na tatizo?"

Mwalimu alinitazama kwa matumaini, jamani.

"Kwangu ilikuwa sawa."

Hapo ndipo nilipommaliza. Alikuwa na ushahidi mmoja tu, na mimi ndiye niliyeufuta. Jioni aliweka vitu vyake kwenye mfuko, akapita kuaga meza moja moja. Kwangu akasema, "Asante kwa kunivumilia." Afadhali angenitukana.

Baada ya wiki mbili akanipigia simu. Amepata kompyuta iliyotumika, anataka kufanya mazoezi aombe kazi kwingine. "Njoo uniwekee. Wewe ndiye ninayekuamini." Nikaenda Jumamosi asubuhi, usingizi wenyewe sikuupata. Binti yake alikuwa sebuleni anapiga pasi sare. Mwalimu akavuta kiti karibu yangu, nami nikaweka kila kitu upya, taratibu. Nilipofika kwenye kiendeshi, nikatazama toleo la kivinjari, nikalinganisha namba.

"Hapo unafanya nini?" akauliza Mwalimu.

"Nahakikisha vinapatana. Visipopatana, majaribio yanakwama."

"Yanakwama vipi?"

Nikarudisha macho kwenye skrini. Akavua miwani.

"Na kule ofisini ulihakikisha?"

"Hapana, Mwalimu."

"Ukaja kujua lini?"

Binti alikuwa ameacha kupiga pasi. "Siku mbili kabla ya tathmini," nikasema. "Nilirekebisha ulipokwenda kula. Nisamehe."

Hakupaza sauti, nadhani hata darasani hakuwahi.

"Malizia kuweka," akasema. "Kisha mpigie meneja, umwambie hivyo hivyo ulivyoniambia, nami nisikie."

Nikamalizia. Nikapiga, nikaweka spika, nikasema yote bila kuficha. Meneja alinisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi, akasema mimi na yeye tutaonana Jumatatu, ila nafasi ya Mwalimu imeshapata mtu, na mkataba umeshasainiwa.

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, kama vile alilitarajia. Kisha akamwambia binti yake anifungulie mlango.