Maladi ya Watu wa Ndege

Siku niliyokabidhiwa kipaza sauti, mtu wa kwanza kunicheka alikuwa mama mkwe wangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kindu, na wakati huo shule zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya korona. Muuguzi wa kituo cha afya cha mtaa wetu aliniomba nipite kila avenyu nikiwaambia watu wanawe mikono, wafunike mdomo, waache kushikana mikono. Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni akichambua sombe, majani ya muhogo ya mboga.

"Mama," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu nilipozaa, "hii maladi iko ya watu wa ndege. Miye sijapandaka ndege."

Kufika jioni maneno yake kuhusu ugonjwa huo yalikuwa yamezunguka avenyu nzima. Kila nilipopita, watu walinijibu kwa heshima kabisa: "Mwalimu, sisi hatupandake ndege." Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba nikifungua kipaza sauti tu, milango inafungwa. Bibi mmoja jirani yetu aliwakusanya kuku wake mbiombio, akawatia ndani, kisha akaketi mbele ya mlango akinikazia macho.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Mama mkwe aliposikia habari ya kuku, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Weye umesahau vita? Wakati ule kile kitu kikilia njiani, njo kusema waaskari wanapita. 'Tokeni, hatuna ubaya na muntu.' Ukitoka, baiskeli inaenda, kuku wanaenda. Leo unapita nacho, unataka watu watoke?"

Sikuwa nimesahau, ila sikuwa nimeunganisha mambo hayo mawili. Nilikuwa msichana mji ulipozungukwa na wapiganaji. Treni ilikoma kuja, na chumvi tuliilamba kwa zamu. Kisha kipindupindu kikaingia. Wengine walisema kuna sumu imemwagwa mtoni, wengine wakataja wachawi, na tukiwa bado tunabishana tukamzika dada yangu mdogo. Sabuni haikupatikana popote. Mama mkwe, ambaye wakati ule alikuwa jirani tu, aliwaita wasichana wa avenyu akatufundisha: choma maganda ya ndizi, chuja majivu kwa maji, maji hayo uyapike na mafuta ya mawese mpaka yashikane. Nadhani ndipo aliponichagulia mwanawe, aliponiona nakoroga bila kulalamikia moshi.

Asubuhi yake niliacha kipaza sauti ndani. Nikamwomba anipikie sabuni ile tena, uani, mahali ambapo kila mpita njia angetuona.

"Sabuni iko tele sokoni," akasema.

"Najua, Mama. Nataka waje waulize."

Walikuja. Sabuni ilikuwa nyeusi, laini kama ugali uliokosa unga, na harufu yake ilifika mbali. Wanawake walisimama kwa mbali kidogo wakipokezana maswali. Ni kweli pombe kali inaua ugonjwa huu? Barakoa ya kitenge inatosha? Mbona hatujaona mgonjwa? Niliyoyajua nilijibu. Nisiyoyajua nilisema sijui, nitamuuliza muuguzi, na kesho yake nikarudi na jibu. Hilo la kusema sijui ndilo lililowafanya waniamini. Yule bibi wa kuku aliondoka na sabuni kwenye kopo, akaniambia, "Sasa unasema kama muntu."

Aliyebadilika kupita wote alikuwa mama mkwe mwenyewe. Aliweka ndoo ya maji kwenye kizingiti akawa mkali kuliko muuguzi. Ndugu yake mkubwa alipofika kutoka Kibombo na gunia la mchele juu ya baiskeli, akanyoosha mkono kumsalimu, yeye akaficha wake mgongoni.

"Kaka, nawa kwanza."

Mzee alikasirika. "Miye nanawa mara tano kwa siku kabla ya sala. Weye njo utanifundisha maji?" Akageuza baiskeli. Nikamkimbilia hadi pembeni ya avenyu, nikampokea usukani, nikamwambia, "Baba, dada yako anakupenda, ndiyo maana anakuogopea." Akaanza kucheka. Alirudi, akanawa mpaka kwenye viwiko, polepole, dada yake akihesabu.

Walikula wametengana, mzee barazani na dada yake ndani ya nyumba. Kwa kuwa masikio yao yalikuwa yamezeeka, walipeana habari za ukoo kwa kupaza sauti: nani anaoa, nani amegombana na mkewe, mjukuu gani amekataa shule. Avenyu nzima ilisikia. Jioni ile bibi wa kuku akaniuliza harusi ya Kibombo itakuwa lini, maana angependa kualikwa.