Pijo Lililokwenda Harusini Uchi

Wenzangu darasani wakisikia neno harusi wananusa asumini na wali wa nazi. Mimi nanusa puti, ule uji mzito wa kujazia mabati ya gari yaliyobonyea, pamoja na jasho la mjomba. Nilikuwa na miaka minane. Mama na mimi tulikuwa tumetoka kwetu Badjanani, Moroni, kwenda Mutsamudu kumsalimia Koko, bibi yangu mzaa mama, kwa likizo fupi. Tukiwa huko, kisiwa hicho cha Ndzuani kikatangaza kwamba kimejitenga na visiwa vingine vya Komoro. Boti zikasimama, na likizo yangu ikawa ndefu kuliko ya mtoto yeyote mchukia shule. Baba alibaki Moroni. Mama alikuwa akilala na redio kifuani, akisubiri isemwe boti inakuja, na redio ikawa inasema kila kitu isipokuwa hicho. Koko, aliyekulia Unguja na ndiye aliyenifundisha Kiswahili hiki ninachoandika, alikuwa akiijibu redio kwa matusi ambayo pia alinifundisha, lakini hayo nayaacha hapo.

Mjomba Madi, mdogo wake mama, alikuwa na Pijo la teksi ambalo injini yake ilikuwa nzima na bodi yake ilikuwa ugomvi mtupu. Milango na madigadi aliyatoa kwenye Pijo jingine lililokufa Bambao, la umri mwingine, na hakuna kipande kilichokubali kukaa na mwenzake. Kati ya mlango na nguzo ungeweza kupitisha ngumi. Chini yake bati lilikuwa linasugua bati mpaka meno yakafa ganzi. Abiria walikuwa wanashikilia milango kwa kamba. Siku moja alimpakia mzee Halidi, mwalimu wa chuo cha Kurani cha Mirontsy, ambaye binti yake Zaina ndiye aliyekuwa mchumba wa mjomba. Kwenye kona ya kuingia Mirontsy mlango ukafunguka wenyewe, na kofia ya mzee, iliyoshonwa kwa mkono kwa miezi, ikaenda baharini. Mzee hakupiga kelele. Alishuka kichwa wazi akasema, "Siku ya harusi utakuja na gari hili hili, Madi. Nitaufunga mlango wake mwenyewe, kwa kidole. Usipofungika, geuza, na wazee wako wote."

Mjomba akaanza kazi kama mtu aliyepagawa. Gari lenyewe lilibaki kando ya barabara karibu na bandari, maana vichochoro vya mji mkongwe wa Mutsamudu havipitishi hata mkokoteni. Kufanyia kazi pale barabarani hakuthubutu, kwa sababu vijana wenye bunduki walikuwa wanapita na kuuliza kwa upole mbaya, "Litakuwa tayari lini?" Gari zuri walikuwa wanalichukua kwa ajili ya mapambano, wakisema watalirudisha. Basi mjomba alikuwa anafungua mlango mmoja, anaubeba ubavuni mpaka uani kwa Koko, anaunyoosha kwa nyundo na gogo, anaupaka puti, kisha anaurudisha garini. Kule haukai. Anaurudisha nyumbani. Unanyooka. Garini haukai tena. Alifikia hatua ya kuusomea mlango dua. Mimi nilimshauri autafutie mlango mchumba kwanza, nikafukuzwa kwa spana.

Aliyekamata mchawi ni Koko. Asubuhi moja alitoka nje akapiga ukelele kwamba kuna mshenzi amempakia ukuta rangi ya bluu. Tulienda kuangalia. Kwenye kona ya nyumba yake, pale kichochoro kinapojibana mpaka watu wawili wanapishana kwa kuombana radhi, jiwe lilikuwa na mstari wa bluu ile ile ya Pijo, usawa wa kiuno cha mjomba. Kila safari alikuwa anaugonga mlango pale pale, na kuupinda upya. Koko akamgeukia mwanawe. "Hivi wewe," akasema, "wanawake wa mji huu wanapitisha masufuria ya harusi hapa kila Ijumaa. Umewahi kuona sufuria limekwaruza ukuta? Weka kichwani, mwanaume!" Mjomba akaweka kata kichwani kama muuza ndizi, akautwika mlango juu yake, akapita, na mtaa mzima ukatoka kucheka. Lakini milango ikaanza kukaa. Alianza na ile ya nyuma, kisha ya mbele, kisha madigadi, na boneti mwisho, akipima kila mwanya kwa kipande cha soli ya kandambili. Kilipoingia kwa kusuguana kidogo kote, alikaa chini akalia.

Sasa tukawa na shida mpya: gari lilikuwa zuri mno. Kati ya Mutsamudu na Mirontsy kulikuwa na kizuizi cha wale vijana, na siku ya harusi hawangeliacha lipite. Likichukuliwa, mzee Halidi angemwona mjomba anakuja kwa miguu, na maneno yake aliyasema mbele ya watu. Jioni ya kuamkia harusi nyumba nzima ilinuna. Nikasema, kwa kejeli tu, "Si tuibebe hiyo milango na masinia ya harusi?" Nilisubiri kofi. Badala yake mjomba alinyanyuka, akachukua bakuli la hina la kina mama, akaenda kuchora mstari kuzunguka kila bawaba, ili ajue pa kuirudishia.

Kesho yake Pijo liliondoka uchi, bila milango, madigadi wala boneti. Bwana harusi alikuwa mbele na joho na kilemba, upepo ukimpiga kutoka pande zote. Mimi, Koko na wazee wawili tulibanana nyuma tukishikana viuno. Kizuizini kijana mmoja alimpa Koko kwezi, salamu ya mtoto kwa mkubwa wake, kisha akaliangalia gari. "Milango iko wapi, Koko?"

"Imejitenga, mwanangu. Inataka serikali yake."

Walicheka mpaka bunduki zikayumba. Nyuma yetu walikuja wanawake wakiimba, vichwani wamebeba vitu vipana vilivyofunikwa shiromani, zile kanga zao kubwa za Ndzuani. Kijana akauliza lile linalobebwa na wawili ni nini. "Sinia la wali," akajibu mama yangu, chini ya boneti. "Kubwa hivyo?" "Bwana harusi mlafi." Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mama anatania tangu boti zisimame.

Baada ya kona tukasimama, na mjomba, joho limefungwa kiunoni, akarudisha kila kipande kwenye mstari wake wa hina. Mbele ya nyumba ya bibi harusi mzee Halidi alikuwa anangoja, na kofia mpya. Hakuna aliyepiga ngoma. Alifungua mlango, akausukuma kwa kidole. Ukalia tup, kidogo tu. Mzee akageuka kuondoka, hakuweza. Ncha ya kanzu yake ilikuwa imebanwa mlangoni, imeshikwa kama na koleo. Alivuta. Alivuta tena. Mwisho akasema, bila kumwangalia mtu, "Fungua basi, mkwe wangu." Vigelegele vilianzia dirishani kwa Zaina.

Leo niko lise, shule ya sekondari ya juu, Moroni. Boti zinakwenda na kurudi, mama hana haja ya kulala na redio, na baba amenunua gari lililotoka kwenye kontena likiwa limekamilika, linafungwa kwa kibonyezo. Hakuna mtu aliyewahi kuliimbia. Wavulana wa darasani kwetu wanapenda kunisimulia magari ya baba zao, wakidhani nitalainika. Nawaambia, vua boneti, itwike kichwani mpaka Badjanani bila kugusa ukuta, halafu uje tuzungumze.