Mpwa Wangu Anayeua Transfoma Kila Asubuhi

Hamtaniamini, na wala sijali. Mimi hata nikitaja jina langu naambiwa natia chumvi. Lakini mpwa wangu, binti wa dada yangu, kazi yake ni kuua mitambo ya umeme. Kila asubuhi, ofisini kwao shirika la umeme, anachukua kizibo cha soda na kufunika kitu kimoja kwenye ramani ya ukutani: leo transfoma, kesho laini. Kisha anapiga hesabu: hiki kikifa, vilivyobaki vitabeba mzigo bila kuungua? Mimi niliishia darasa la saba, hesabu zilinikimbia. Yeye zilimfuata mpaka nyumbani.

Siku alipofunika transfoma ya mashariki, hospitali nzima ikabaki gizani, kwenye karatasi. Akaomba laini ya pili, itoke kituo cha magharibi.

Mkuu wake akacheka. "Laini iliyopo ina ubovu gani?"

"Haina, bosi."

"Sasa ya pili ya nini? Wewe unavaa mikanda miwili?"

"Siku suruali ikibeba wagonjwa mia tatu, nitavaa mitatu."

Ulimi huo kaurithi kwangu! Miezi minane alirudi na kizibo kile kile, mpaka mkuu akasaini. "Ila ikikaa mwaka mzima bila kazi, nakuhamishia kwenye kusoma mita."

Dada yangu akakosa usingizi. Binti akaendelea kuua.

Mwezi wa kumi na moja tangu laini iwashwe, mchana kweupe, transfoma ya mashariki ikalipuka. Moshi ulionekana mpaka sokoni. Hospitalini taa zikapepesa mara moja, kama mtu aliyeingiwa na vumbi jichoni, zikatulia. Laini ya pili ilikuwa imeupokea mzigo wote.

Siku hizi mkuu ndiye anayemletea vizibo. Anakunywa soda kwa ajili ya taifa.

Najuaje habari za taa? Nilikuwepo, kutolewa mtoto wa jicho! Haya ninayaandika mezani kwa mpwa wangu, naye anasoma akichungulia begani kwangu. Basi daktari kisu mkononi, kisu kimeshaingia, taa ikapepesa, wauguzi wakapiga kelele, nami nikanyanyua kichwa nikasema, "Daktari, kata tu, hiyo laini kaichora mpwa wa—"

"Mjomba! Siku ile ulikuwa kwenye benchi la mapokezi, unasubiri kadi. Na ulikuwa unakoroma."