Chungu cha Makemba Chini ya Themostati

Ulikuwa mwaka ule mbinzo walifika mjini kwa wingi hata watoto wakawakataa. Wale viwavi tuliwala na sombe ya majani ya muhogo, tukawala na ndizi, tukawatafuna wakavu tukitembea njiani. Nilikuwa nimenenepa kidogo, na nilikuwa nangojea mtoto wa mwanangu wa kiume. Kwa mabinti zangu ninao wajukuu tisa, wote wazuri. Huyu angekuwa wa kwanza kubeba jina la nyumba yetu.

Mwanangu anafanya kazi Ulaya. Mkewe alibaki hapa Kisangani, katika nyumba aliyomjengea mtaa wa Kabondo, yenye sahani za jua juu ya paa na betri kubwa kwenye chumba cha nyuma. Mimi nakaa Mangobo, na upepo wangu ni dirisha. Mimba ilipofika mwezi wa nane, mama mzazi wa yule msichana, bokilo wangu, akahamia pale kumsaidia mtoto wake, kama desturi inavyotaka. Desturi hiyo naijua, nami nilikaa hivyo kwa mabinti zangu. Sikujua tu inavyomuuma mama wa upande wa pili.

Bokilo alikuwa mwalimu. Ana miwani ya kamba shingoni na simu pana kama daftari. Mimi shule niliiacha darasa la pili, na simu yangu ni ile ya kubonyeza vitufe.

Siku moja nikiwa kwao, mwanangu akapiga ile simu pana ya bokilo, tukamwona usoni sote watatu, mimi, bokilo na mkewe. Alikuwa ametia klima katika chumba cha mtoto, mashine ya baridi, lakini ikiachwa tu inamaliza betri. Sasa alitaka kitu cha ukutani, jina lake themostati, kipime joto la chumba na kuiambia mashine lini ifanye kazi na lini ipumzike. Akatuonyesha picha mbili.

"Bamama, muchague. Hii ya kwanza iko na gurudumu, unazungusha na mukono. Hii ingine iko kioo tu, inasikia simu. Hata miye nitaiongoza toka huku."

"Ya gurudumu," nikasema. "Mkono kila mtu anao."

Bokilo akavaa miwani. "Bon, mwanangu, kioo. Ile ya gurudumu, kila anayepita ataigusa."

Kila anayepita! Kama angeniangalia aliposema hivyo, ningejua la kumjibu. Hakuniangalia hata kidogo.

"Donc, kioo," mwanangu akasema, akacheka. Nikacheka nami, kwa meno tu.

Fundi alipokuja kukifunga, akamwandika mwanangu kuwa mwenye mali, na simu ya bokilo ikawa ya kuamuru ikifuata ya mwanangu. Kisha akanigeukia kwa heshima, kama kwa bibi yake. "Na weye, koko? Ukipata simu kubwa, nitakutia humu kama mugeni. Mugeni anaona joto, lakini habadilishi kitu."

Nikamwambia: "Sikumzaa mtoto wangu ili niwe mgeni kwenye ukuta wake."

Mtoto akazaliwa, msichana, mwenye paji la uso langu, hakuna wa kubisha. Kila nilipofika, jasho linanitoka kwa jua la kwenye pikipiki, bokilo alikuwa kitini na kidole kwenye simu. "Karibu, bokilo, keti, nikupunguzie joto." Joto la nyumba ya mwanangu, yeye ndiye ananipunguzia! Na ile baridi ilikuwa tamu mgongoni. Niliichukia kwa utamu wake.

Lakini macho ninayo. Niliona kwamba mlango wa jikoni ukifunguliwa, namba kwenye kioo inapanda na mashine inanguruma. Kumbe ni kitu cha kuhisi tu, kama ngozi. Hakijui nani amesoma.

Jumamosi moja mama wa mtoto alikuwa amelala sebuleni, bokilo anaoga. Nilikuwa nimechemsha makemba, ndizi za kutwanga ziwe madonge ya lituma. Nikabeba chungu hadi chumba cha mtoto, naye amelala kitandani mwake, nikakiweka kwenye kigoda chini ya kioo, nikaondoa kifuniko. Mvuke ukapanda. Namba ikapanda. Mashine ikanguruma kama lori kwenye matope. Nami nikakaa, nimekunja mikono, chifu.

Nikamsikia bokilo ukumbini. "Mbona haisikii? Nabonyeza, haisikii!"

"Labda inataka kuombwa vizuri, bokilo," nikamjibu kwa sauti.

Kisha mtoto akapiga chafya. Nikamshika miguu. Ilikuwa baridi kama samaki wa wavuvi wa Wagenia anapotolewa mtegoni. Nikamnyakua, nikamfunga kwenye tumbo langu, ndani ya kitenge. Wakati huohuo betri ikakata, nyumba nzima kimya, na bokilo akaingia na simu yake inalia. Ni mwanangu.

"Mama! Chumba ya mutoto ilionyesha digrii arobaini na tano! Moto iko wapi?"

Bokilo akatazama chungu. Akanitazama mimi. Nilingoja aseme, na alikuwa na haki yote ya kusema. Akainama, akafunika chungu.

"Hakuna moto, mwanangu. Ni makemba tu, niliyaweka vibaya."

Ni afadhali angenitukana. Hata kosa langu akalichukua likawa lake.

Mwanangu hakudanganyika, maana ananijua. Akaniambia taratibu: "Mama, nitakutumia simu kubwa. Nitakutia mule kama mugeni, uone na weye."

"Kubali, bokilo," yule mwalimu akasema, akaketi karibu yangu. "Tutaangalia wote wawili."

Miguu ya mtoto ilikuwa inapata joto juu ya tumbo langu, joto lisilohitaji simu ya mtu. Nilitaka kusema ndiyo. Nikafungua mdomo.

"Sikumzaa mtoto wangu ili niwe mgeni kwenye ukuta wake."