Koloneli Ndani ya Sanduku: Kutoka Kadutu Hadi Bunyakiri

Niliondoka Bukavu kwa sababu dada yangu mdogo, Esta, alikuwa anaolewa Bunyakiri. Baba yetu ni marehemu, na mimi ndiye mtoto wa kwanza, kwa hiyo kazi ya kukaa kwenye kiti cha mbele na kusema ndiyo ilikuwa imeniangukia mimi. Bila mimi wakwe wangerudi kwao na mbuzi wao. Mbwa hakuwa sehemu ya mpango huo hata kidogo.

Mbwa mwenyewe anaitwa Koloneli. Ni mweupe mwenye mabaka meusi, sikio moja limesimama, lingine limelala. Jina alipewa na mke wangu Neema kwa sababu tangu utotoni alikuwa anatoa amri na hafanyi kazi. Muda mfupi kabla ya harusi aliruka ukuta wetu mtaani Kadutu akimfuata mbwa jike wa jirani, akakutana na pikipiki iliyokuwa inateremka mlima kwa imani zaidi kuliko kwa breki. Mguu wa nyuma ukavunjika.

Docteur Nabintu, daktari wa wanyama, alimfunga plasta kisha akanitazama kama mtu anayemwona mgonjwa wa pili.

“Prof,” akasema, maana mimi ni mwalimu wa jiografia, “huyu mbwa asikimbie na asiruke. Mumutengenezee sanduku ya mbao, alale mule. Akiruka mbele ya mufupa kushikana, ule muguu nitaukata.”

“Docteur, unataka nifunge mbwa gereza?”

“Gereza ni kama unamutupa mule na unaenda zako. Mimi minasema nyumba. Iwe kubwa, asimame, ageuke, alale amejinyoosha. Acha mulango wazi, umupatie chakula mule ndani mpaka ataingia yeye mwenyewe. Anatoka kukojoa, anarudi. Na usimutie mule hata siku moja juu ya hasira. Utamuharibia nyumba yake.”

Kadutu, juma lililofuata. Seremala wa sokoni, ambaye maisha yake yote ametengeneza vitanda, aliuliza kama mbwa atahitaji pia droo. Nilimwambia hapana, vipenyo vya kupitisha hewa vitatosha. Majirani waliliona sanduku likipandishwa kichwani mwa mtu kwenye njia zetu zile za kukatisha pumzi, wakaanza kunipa pole. Nikawaambia hakuna aliyekufa, ni nyumba ya mbwa. Pole zikaisha, vicheko vikaanza.

Siku ya kwanza Koloneli aliliangalia sanduku kama sisi tunavyomwangalia mgombea anayeahidi barabara. Neema akaweka maharage na sambaza, vile visamaki vya ziwani, mlangoni. Akala, akarudi nyuma. Kesho yake sahani ikasogea ndani kidogo, keshokutwa ikafika mwisho. Baadaye tukaanza kufunga mlango wakati anakula, halafu wakati mimi nasahihisha madaftari kando yake. Alilia kidogo, akaona hakuna anayekufa, akalala. Nadhani aligundua jambo ambalo mimi nilichelewa kuliona: mule ndani hakuna aliyemruka, hakuna ufagio uliomgonga, hakuna mtoto wa wageni aliyemvuta mkia. Katika nyumba yetu yenye wageni wasioisha, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na chumba. Mimi sina.

Kisha Neema, ambaye ni muuguzi, akaitwa kwenye mafunzo Uvira, juma lilelile la harusi. Majirani wote walimpenda Koloneli, lakini kila mmoja alikuwa na safari ya ghafla. Nikabaki na mbwa, plasta, sanduku na kiti cha mbele kinachonisubiri Bunyakiri.

Bukavu, asubuhi ya kuondoka. Gari lilikuwa pikapu ya Tonton Swalehe, mjomba wa mtaa mzima na mfanyabiashara ambaye babu zake walitoka pwani wakafikia Uvira na hawakurudi tena. Alikuwa anapeleka chumvi na sabuni, arudi na mawese. Alizunguka sanduku mara kadhaa, pindo la kanzu amelishika mkononi.

“Prof, mimi sina ubaya na mbwa. Lakini mate yake ikigusa hii kanzu, nitafua mpaka Ramadhani.”

“Hatoki, Tonton. Iko mu sanduku.”

“Basi. Yenye iko mu sanduku ni mizigo. Mizigo minabeba.”

Akalifunga yeye mwenyewe kwenye ubavu wa gari kwa mipira iliyokatwa kutoka tairi za ndani, akavuta kila fundo kwa mguu. Nikatandika kitenge juu ili Koloneli asione kila mbuzi wa Kivu Kusini akipita. Tukaondoka.

Kizuizi cha kwanza, baada ya kutoka mjini. Askari aliinua kitenge, na Koloneli akabweka. Mimi, bila kufikiri, nikapaza sauti: “Koloneli, nyamaza!”

Barabara nzima ikageuka kututazama. Hata mama muuza ndizi aliacha kupigia wateja kelele.

“Nani Koloneli?” askari akauliza polepole.

Nilijaribu kutafuta jibu ambalo lisingenilaza mahali pabaya kuliko sanduku. Tonton Swalehe akatoa kichwa dirishani.

“Chef, uko naona vile muguu yake imevunjika. Iko mu konje, mu likizo ya ugonjwa.”

Askari akamtazama mbwa, akatazama plasta. Kicheko kilimtoka kwanza puani, kisha kikamshika mwili wote. Akamwita mwenzake. Mwenzake akapiga saluti mbele ya sanduku, kiatu kikapiga udongo. “Apone haraka, mon colonel.” Tulipita. Jasho langu lilikauka karibu na mji mdogo wa Miti.

Lwiro, jioni. Tonton alikuwa na sabuni ya kushusha na kuku wa kununua Kavumu, na mvua ikaamua mengine, kwa hiyo tulilala Lwiro kwa shangazi yangu, Tanti Mapendo. Tanti ni mjane mwenye sakafu inayong'aa, na hapendi mbwa. Alisimama mlangoni.

“Huyu ataingia mu nyumba yangu na miguu yenye matope?”

“Ataingia na nyumba yake, Tanti.”

Nilimtoa kwanza nje akojoe, nikimshikilia tumboni kwa kitenge ili asikanyagie mguu mbovu. Kisha nikaweka sanduku kwenye kona ya sebule na kufungua mlango. Nilitegemea usiku wa kulia. Mbwa katika nyumba ngeni hulia, hukwaruza milango, hula viatu vya mwenyeji. Koloneli alinusa sebule nzima akiwa palepale, akaona kitu kimoja anachokijua, akaingia, akajizungusha, akalala. Nyumba ilikuwa ngeni kwangu mimi, kwake haikuwa. Alikuwa kwao.

Asubuhi nilimkuta Tanti ameketi kwenye kigoda kando ya sanduku, kikombe cha chai mkononi, anamsimulia mbwa habari za mchungaji wao aliyegombana na wazee wa kanisa. Alikuwa amefika sehemu nzuri, nikasubiri amalize.

Geti la hifadhi. Barabara ya Bunyakiri inapita msituni, ndani ya mbuga. Mlinzi alituuliza kama tuna mbwa.

“Mbwa ya kutembea tunairudisha,” akasema. “Ikishuka, inaachia magonjwa mu msitu, na gorila hawana hospitali. Hii yenu inafungiwa?”

Akajaribu kitasa mwenyewe, akavuta, akaridhika. “Musifungue mpaka kule ng'ambo. Pita.” Mbele yetu mwindaji mmoja na mbwa wake wa kamba walikuwa wanageuzwa, na mwindaji alikuwa anaapa kwa majina ya watu wote wa ukoo wake.

Baada ya msitu, kwenye mteremko. Matope yalikuwa mekundu na laini kama ugali usioiva. Tonton alikuwa anaendesha kwa ustadi na kumtaja Mungu, na mimi nilikuwa nimekaa mbele kwa heshima zote za kaka wa bibi harusi. Gurudumu la nyuma likateleza. Gari likageuka upande, likafikiri kidogo, kisha likalala ubavu ndani ya mtaro.

Nilisikia magunia yakishuka nyuma kama mlima unaohama. Halafu nikasikia kimya. Hicho ndicho kilichoniogopesha. Nilipanda kutoka dirishani nikiita, “Koloneli! Koloneli!” na sikujali ni askari gani atanisikia.

Kuku ambao Tonton aliwanunua Kavumu, waliofungwa miguu tu na kulazwa juu ya mizigo, wawili walikuwa wamekufa chini ya chumvi na wengine kamba zimekatika, wametokomea vichakani. Pale kwenye kona ambapo mbwa wangu angejilaza kama angekuwa huru, palikuwa na magunia matatu. Sanduku lilikuwa linaning'inia kwenye ile mipira, limelala ubavu, ubao mmoja umepasuka. Nikatia macho kwenye upenyo. Jicho moja likanitazama. Lilikuwa jicho la mtu aliyekodi nyumba nzuri na sasa anataka kuonana na mwenye nyumba.

Nikapenyeza mkono wa kushoto kwenye ubao uliopasuka, nikampapasa kichwa, mgongo, plasta. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Nikaanza kulia, machozi ya kweli, mwanaume mzima na suti ya harusi begani. Tonton Swalehe alikuja, akainama, na kwa mikono yake akalishika sanduku pamoja nami kulisimamisha. Ulimi ukatoka kwenye upenyo ukamlamba kuanzia kiganja hadi kiwiko cha kanzu. Tonton akaangalia kanzu, akaangalia gari lake mtaroni, akaangalia mbwa.

“Alhamdulillahi,” akasema. “Nitafua.”

Ni hapo tu, nilipotaka kufungua kitasa, ndipo nilipogundua kwamba kifundo cha mkono wangu wa kulia kimegeuka kuelekea mahali ambapo vifundo havielekei.

Bunyakiri. Wanaume wa kijiji jirani walilitoa gari kwa kamba na nyimbo, tukafika tukiwa rangi ya barabara. Muuguzi wa kituo cha afya alininyoosha mkono, nikapiga kelele ambayo Esta anasema aliisikia akiwa anasukwa. Akanifunga vijiti na bendeji. “Prof, huu mukono usiutumikishe. Pumzika.” Nikasema ndiyo. Ndiyo ndiyo kazi iliyonileta.

Baba yetu mdogo, Tonton Leonard, ambaye hajawahi kukutana na jambo asilolijua, alilitazama sanduku likiwekwa kivulini nyuma ya jiko.

“Umetuletea mufungwa? Mbwa ni ya kuzunguka. Angalia yangu, Simba. Iko huru.”

Simba alikuwa kweli huru. Wakati wakwe wanaingia na mbuzi wao, Simba aliwakaribisha wa kwanza kabisa, mbuzi wakakata kamba, na msemaji wa bwana harusi akapoteza kiatu na hotuba yake. Tulipotulia, sahani kubwa ya nyama ya wakwe ikapita uani. Simba akaruka. Paja zima likaondoka naye kupitia shamba la mihogo, na Tonton Leonard nyuma yake, kwa suti, akiita jina lake kwa sauti ya baba mwenye uchungu.

Koloneli, ambaye katika maisha yake hajawahi kumwachia mbuzi amalize sentensi, alikuwa ndani ya sanduku lake na mfupa, kitenge kimeshuka, hana habari na harusi ya mtu. Wakwe walicheka mpaka wakasahau kiatu. Nikasema ndiyo mahali pa kusema ndiyo. Esta akaolewa.

Jioni Tonton Leonard alikuja kando yangu, suti imejaa mbegu za majani. Alikohoa.

“Mbao yenye walitumia,” akasema, “ni mbao gani?”

Bukavu, kurudi. Njiani hakukuwa na la ajabu, isipokuwa mapipa ya mawese na maumivu yangu. Maana katika harusi ile nilimshika mkono kila mtu aliyenyoosha wake, nikacheza, nikabeba kreti za soda, nikampandisha Koloneli garini mwenyewe kwa kiburi. Neema alikuwa amesharudi kutoka Uvira. Alinitazama mkono, ambao ulikuwa umevimba kama mkate, akanipeleka hospitali bila kunisalimia. Ilibidi unyooshwe upya na kufungwa plasta.

Mimi na mbwa tulipewa amri moja, kutulia. Tofauti yetu ni kwamba yeye alikuwa na mtu wa kumfungia mlango kwa upole, na mahali pa kulala anapopapenda, na mimi nilikuwa na ukoo mzima unaoniambia nicheze. Hilo ndilo nililoleta kutoka Bunyakiri. Sanduku nililoliita gereza lilimpitisha mbwa wangu kwenye askari, msitu, mtaro na harusi, akatoka na mifupa yake yote. Mimi nilipita palepale nikiwa huru kama Simba.

Docteur Nabintu alikata plasta ya Koloneli uani kwake, asubuhi yenye jua, mimi nikiwa bado na yangu, mkono umening'inia shingoni. Mguu ulitoka mwembamba, umepoteza manyoya, kama mguu wa mbwa mwingine. Neema alinishika bega. Koloneli aliuweka chini, akauondoa. Akauweka tena. Akapiga hatua, akachechemea, akapiga nyingine, na alipofika kwenye maua ya Docteur alisimama wima juu ya ule mguu uliovunjika, akainua ule mzima, na akakojoa kwa muda mrefu sana. Docteur alipiga makofi.