Mrija wa Mama

Harufu ya mutobe, ile juisi ya ndizi mbivu, imenikamata leo hapa sokoni Gitega na kunirudisha kwetu Giteranyi, utotoni.

Tulikuwa tumerudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Shamba letu lilikuwa mikononi mwa baba mdogo, aliyeapa kwamba atatuzika kabla ya kuturudishia hata tuta moja. Mvua ilishaanza, wenzetu wanapanda maharage, sisi tunapika majani ya kuomba kwa majirani. Asubuhi ile mama alisali muda mrefu, kisha akanishika mkono.

"Nimemsamehe humu chumbani tu," alisema. "Haitoshi. Twende kwake."

Baba mdogo alituwekea kibuyu cha mutobe na mrija mmoja. Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza, ili mgeni ajue hakuna sumu. Yeye hakuonja. Alikaa akitutazama.

"Mukunywe," alisema. "Ama munaniogopa?"

Mama aliushika mrija. Alifumba macho, akasema, "Yesu, mimi nimefika mwisho," akanywa. Kisha akapangusa mrija kwa kitenge chake, akaniinamishia.

"Na wewe, mwanangu."

Nilikunywa huku nikilia. Mutobe haukuwa na sumu; ulikuwa mtamu kuliko chochote nilichowahi kuonja.

Muuzaji amenijazia kikombe. Nimekishika kwa mikono miwili, nangoja aonje yeye kwanza.