Njia ya Reli Iliyomkalisha Mama

Nikinusa spiriti, ile ya kusafishia vidonda, nasikia honi ya treni. Najua havihusiani. Ngara hatuna reli, na mpaka leo sijapanda treni. Lakini nilipokuwa darasa la tano, msimu wa palizi ya maharage, sebule yetu kule Murukulazo ilinuka spiriti kila kona, na juu ya stuli ilikaa kompyuta ya mjomba, ina joto kama kuku anayeatamia. Mama alikuwa ametoka kupasuliwa tumbo hospitalini Biharamulo. Daktari alimwambia wiki sita asishike jembe. Mama akaitikia vizuri kabisa, kisha siku ya tatu tangu arudi nyumbani tukamkuta kwenye maharage ameinama, kanga imelowa damu ubavuni.

Mjomba, ambaye ni mwalimu, hakugomba. Alituwashia mchezo wa kuendesha treni za Uingereza, ili Mama akae atazame. "Narudi kazini Jumapili, kompyuta nawaachia," alituambia mimi na kaka yangu Fide. "Ila imejaa, nitawabakishia njia moja tu. Chagueni iliyo bora, nyingine nazifuta." Kwa Fide, bora ni yenye mwendo wa kasi, apate alama. Kwangu mimi, bora ni ile itakayomkalisha Mama kitini. Nilikuwa nimeiona ile damu.

Tulianza na ya London kwenda Brighton. Nyumba zimebanana mpaka unakosa pumzi. "Hawa wanalima wapi?" Mama akauliza, akapiga miayo, akaanza kutafuta ndala zake. Tukajaribu ya Uskochi, milima na kondoo. Hapo alifurahi, maana milima ilifanana na yetu, lakini haikuchukua muda. "Milima yote hii na mgomba hata mmoja hakuna! Wavivu hawa." Akakumbuka magugu yake, akasimama. Tukamrudisha kwa kumshika mikono.

Ya tatu ilikuwa tawi dogo la reli kando ya bahari, huko Cornwall, vituo vidogo vidogo. Kwenye kituo cha pili alisimama mwanamke wa koti la kijani, ameshika begi. Fide alipotaka kuondoa treni, Mama akamshika bega. "Subiri. Yule ana mzigo."

"Mama, yule ni picha tu. Haendi popote. Tunakatwa alama!"

"Nimekulea umwache mtu na mzigo wake? Subiri."

Kwetu mtu akipandisha mlima na mzigo kichwani, unamngoja juu, unamtua, ndipo mnaendelea. Basi tukangoja. Mama akamwonea huruma yule mwanamke, akasema bila shaka ametoka kumwona binti yake aliyeolewa mbali, ndiyo maana hana haraka. Alama zilishuka chini ya sifuri, Fide akalia machozi ya kweli. Mama alikaa saa nzima, miguu peku, ndala hata hakuzitafuta.

Jumapili mjomba alipouliza, Fide alisema Uskochi, kwenye kasi. Mimi nikataja ile mbovu kuliko zote, ya treni isiyoondoka. Mjomba akatazama miguu ya Mama, bado peku, akazifuta nyingine.

Wiki zile tulichoka. Asubuhi tulipalilia na Baba kabla ya shule, mgongo unawaka, darasani nasinzia. Jioni tunakaa kituoni. Wiki ya sita kidonda kilipofunga, Mama mwenyewe alisema, "Haya, nendeni. Labda anamsubiri mtu wake." Fide akaondoa treni kwa honi ndefu, tukapiga makofi kama wajinga.

Sasa kazi yangu ni kuwakatia abiria tiketi za basi stendi ya Biharamulo. Nasimama tangu alfajiri, na nimeshagombezwa mara nyingi kwa kumwomba dereva amngoje mtu anayekimbia na gunia. Simu yangu ina nafasi ya njia zote za Uingereza, lakini sina saa moja ya kukaa kwenye kituo chochote. Bado naota kwamba siku moja nitampeleka Mama kupanda treni ya kweli. Yeye hunipigia kila jioni, wakati basi la mwisho linanguruma na miguu yangu imevimba ndani ya viatu. Haulizi habari za kazi. Anauliza, "Umekaa chini, mwanangu?"

"Nimekaa, Mama," namjibu, nimesimama.